Doa: kumlea mbwa anayeuma katika jiji linalotaka mbwa wakali

Kisa hiki kinamhusu dume mmoja wa rangi ya kahawia mwenye kiraka cheupe begani, chotara kama walivyo mbwa wengi wa Nairobi, aliyetolewa kwenye yadi ya vifaa vya ujenzi upande wa Ruai. Mwenye yadi alihamisha biashara, akahamisha mabati na nondo, mbwa akamwacha na mnyororo wake. Majirani walikuwa wakimrushia ugali juu ya ua hadi mmoja wao alipowapigia simu watu wanaojitolea kuokoa wanyama. Hao ndio walioniuliza kama ninaweza kukaa naye Mwiki mpaka apatikane mtu wa kumchukua moja kwa moja. Nina uwanja mdogo wenye ukuta, watoto wangu ni watu wazima, na huyu si mbwa wa kwanza kumlea hivyo. Nilikubali kwa masharti: aonwe na daktari wa mifugo kwanza, ahasiwe, na nielezwe bila kufichwa ni nani ameumwa na ameumwaje.

Maana alikuwa ameshauma. Fundi wa kuchomelea vyuma alijitolea kumkata mnyororo, akainama juu yake koleo mkononi, mbwa akamuuma mkono chini ya kiwiko.

Watu wakisikia mbwa ameuma hufunga mjadala hapo. Mimi huuliza jeraha lilikuwaje. Wanaoshughulika na tabia za mbwa hutumia kipimo kilichotungwa na Ian Dunbar, daktari wa mifugo, chenye ngazi sita. Katika ngazi ya kwanza mbwa anatishia bila meno kugusa mtu. Katika ya pili meno yanagusa ngozi lakini hayaitoboi. Ya tatu ni tundu moja hadi manne kwa kuuma mara moja, na kina chake hakizidi nusu ya jino la chonge. Ya nne kina kinazidi hapo, mbwa ameng'ang'ania au ametikisa kichwa. Ya tano ni kuuma tena na tena, na ya sita ni mtu kufa. Fundi alikuwa na matundu mawili yasiyo na kina, na alisema mbwa alimwachia papo hapo akarudi nyuma mpaka mnyororo ukamzuia. Hiyo ni ngazi ya tatu. Mbwa anayeuma akaachia bado anajizuia, na palipo na kujizuia pana pa kuanzia. Angekuwa wa ngazi ya nne nisingemleta Mwiki, mahali ambapo ukuta wangu ndio ukuta wa jirani.

Kabla ya tabia, kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu umerekodiwa Kenya tangu 1912, na kisa cha kwanza kuthibitishwa kilikuwa cha mbwa wa hapa hapa pembezoni mwa Nairobi. Zaidi ya karne imepita na watu bado wanakufa kwa ugonjwa ambao chanjo yake ipo. Karibu wote, asilimia 99 kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, huambukizwa na mbwa. Serikali imejiwekea lengo la kumaliza vifo hivyo ifikapo 2030. Fundi aliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, akaenda hospitali siku hiyo hiyo, akaanzishiwa sindano. Mbwa naye aliwekwa peke yake kwa siku 10 akichunguzwa, kwa sababu mbwa ambaye tayari ana virusi kwenye mate huonyesha dalili au hufa ndani ya muda huo. Alibaki mzima, akachanjwa, ndipo akaja kwangu. Anayeruka hatua hii kwa huruma anahatarisha nyumba nzima.

Daktari alilazimika kumpa dawa ya usingizi ndipo amguse. Chini ya manyoya ya shingo alikuta jeraha lililozunguka kama mkufu. Mnyororo ulikuwa umefungwa kwa waya tangu mbwa akiwa mdogo kidogo, shingo ikanenepa, waya haukunenepa nayo. Ncha za masikio zilikuwa zimeliwa na nzi. Kupe walijaa katikati ya vidole, na kipimo cha damu kikaonyesha homa ya kupe, ile ya ehrlichia, iliyohitaji vidonge vya doxycycline kwa wiki nne. Na chonge la juu kulia lilikuwa limevunjika hadi kwenye mshipa wa ndani, jambo la kawaida kwa mbwa wanaotafuna minyororo. Likang'olewa.

Nimeyataja haya yote kwa sababu ukali wa mbwa huyu tulikuwa tunaupima kabla ya kuondoa maumivu. Mtu mwenye jino bovu na kidonda shingoni ukimshika kola ghafla atakupiga kofi, na hakuna atakayemwita mkali. Baada ya jino kutoka na kidonda kuanza kukauka, kuna vitu vilikwisha vyenyewe: aliacha kunguruma akila, na aliacha kushtuka akigeuza kichwa upande wa kulia. Kilichobaki ndicho kilichokuwa hofu yenyewe, na hiyo haina kidonge cha wiki nne.

Huko yadi walimwita Simba, kama nusu ya mbwa wa Kenya. Nilipomwita hivyo mara ya kwanza alilala kifudifudi akakojoa. Jina hilo nililitupa siku hiyo hiyo. Akawa Doa.

Wiki za mwanzo sikumfundisha chochote. Nilimpa banda nyuma ya nyumba chini ya mparachichi, nikalizungushia waya, nikaziba kwa mabati upande unaotazama njia. Chakula kilikuja saa zile zile, kikiletwa na mtu yule yule, aliyepita njia ile ile. Nilikaa nje ya waya nikiwa nimempa ubavu, nachambua sukuma wiki au nasoma simu, bila kumsemesha. Wageni wangu wengi waliona huo ni uvivu. Lakini mbwa aliyeishi bila kujua kama mguu unaokuja umebeba sufuria au teke anahitaji kwanza dunia anayoweza kuibashiri. Nilikuwa nikiandika tu anachokiogopa na kwa umbali gani.

Orodha ilijiandika haraka. Wanaume kuliko wanawake. Kitu chochote kirefu kilichoinuliwa: jembe, fagio, mpira wa maji, mwavuli. Mlio wa mnyororo wa lango. Mkono unaokuja kutoka juu kuelekea kichwani, ambao ndio mkono kila mtu humnyooshea mbwa. Halafu umbali. Mwanamume akisimama hatua kumi kutoka kwenye waya, Doa aliweza kula huku akimtazama. Kwa hatua nane aliacha kula, mdomo ukafungwa kwa nguvu, mwili ukakauka, weupe wa jicho ukaonekana pembeni. Kwa hatua sita alirukia waya. Watu huiona ile ya hatua sita na kusema amebadilika ghafla. Hakubadilika ghafla. Alikuwa ameshasema katika hatua ya nane, tena kwa adabu: alijilamba pua wakati hakuna chakula, akapiga mwayo wakati hana usingizi, akageuza uso. Kazi yote iliyofuata ilifanyika kati ya hatua kumi na hatua nane. Nyuma ya kumi hakuna anachojifunza. Ndani ya nane anachojifunza ni kwamba alikuwa na haki ya kuogopa.

Mabati nayo hayakuwa ya urembo. Fikiria mbwa aliye kando ya njia. Mtu anapita, mbwa anabweka, mtu anatoweka. Huyo mtu alikuwa anaenda zake stejini, hakufukuzwa na yeyote, lakini mbwa anahesabu ushindi. Kesho tena, na kesho kutwa, kutwa nzima, wanafunzi, bodaboda, mama wa maziwa. Ukimwacha mbwa mwoga apate ushindi wa namna hiyo mwaka mzima umemsomesha ukali bila kumlipia karo. Kuziba anachokiona ni kufunga hilo darasa.

Ushauri wa mtaani haukukosekana, na mwingi ulikuwa wa aina moja: mpige kidogo ajue mkubwa ni nani. Wengine walitaka nimlalie juu mpaka atulie, wameona kwenye video. Wazo hili la mbwa anayegombea ukubwa lilitokana kwa sehemu kubwa na uchunguzi wa Rudolph Schenkel wa 1947 juu ya mbwa mwitu (wale wa nchi za baridi, wolf kwa Kiingereza) waliofungiwa pamoja wasio wa ukoo mmoja. David Mech, mtafiti aliyechangia kulieneza, alilirekebisha mwenyewe kwa makala ya 1999: porini kundi la mbwa mwitu kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao, na hakuna anayepigania cheo kila asubuhi. Jirani yangu mmoja, mzee ninayemheshimu sana, alinisikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Sawa mama, lakini huyo wa kwako si wa porini, ni wa Ruai." Nilicheka. Hata hivyo sikumpiga mbwa. Hasa sikumkemea akinguruma, kwa sababu kunguruma ni honi: ukiing'oa, gari linabaki bila breki na bila sauti. Mbwa aliyeadhibiwa kwa kunguruma hujifunza kuuma kimya kimya.

Mtu aliyeleta mabadiliko makubwa kuliko mimi ni mlinzi wa usiku. Nyumba zetu sita humlipa kwa pamoja. Ni mzee mrefu, huja saa kumi na mbili jioni na koti refu, tochi na rungu. Yaani alikusanya karibu kila kitu kilichokuwa kwenye orodha ya Doa. Siku alipomwona aliniambia waziwazi, "Madam, huyu umbwa umeleta hapa atatula."

"Hatakula mtu, baba, yuko nyuma ya waya. Lakini nina ombi. Ukifika jioni usimwangalie. Mrushie hii, umrushie nyuma yake, halafu uendelee na safari yako."

"Yaani nimlishe anayetaka kunila?"

Ile "hii" ilikuwa mapafu ya ng'ombe. Buchari huyauza kwa bei ya chini. Unayachemsha, unayakata vipande vidogo kama ukucha wa kidole gumba, unayakausha juani au kwenye jiko la makaa yanayozimika. Harufu haipendezi nyumbani, ila mbwa atauza urithi wake kwa kipande kimoja.

Kwa nini nyuma yake? Mbwa mwoga akiitwa kwa chakula kilicho mkononi mwa mtu anavutwa na njaa kuingia mahali ambapo hofu inamkataza. Atafika, atachukua, kisha atagundua yuko karibu mno, na hapo ndipo wengi huumwa huku wamebeba nyama. Ukirusha kipande kikatua nyuma ya mbwa, anapata zawadi mbili kwa mpigo: nyama, na nafasi ya kukaa mbali nawe. Akigeuka kurudi kukutazama, amerudi kwa hiari yake. Mzee alielewa jambo hilo upesi kuliko wageni wangu wenye shahada. Alikuwa akipita, anarusha bila kugeuza shingo, anaendelea. Kwanza alipita bila rungu, ameliacha langoni. Baadaye rungu lilikuwa limeegemezwa ukutani, Doa akiliona lakini hakuna anayeligusa. Kisha alilishika chini, ncha ikielekea ardhini. Kila mara tulipoongeza kitu kimoja kigumu tulipunguza kingine: rungu likija, mzee anasogea mbali zaidi. Watu hushindwa hapa kwa sababu ya kiherehere. Wakiona mbwa amekubali kofia leo, kesho wanaleta kofia, mwavuli na mjomba.

Jioni moja mzee alichelewa kwa sababu ya matatu, na Doa akaanza kwenda na kurudi kando ya waya akitazama lango. Yule mtu mrefu wa koti, ambaye zamani angerukiwa akiwa hatua sita, sasa alikuwa anasubiriwa. Kinachofanyika mwilini ni kilekile alichokielezea Ivan Pavlov: kitu kikitangulia chakula mara nyingi, mwili hukipokea kama chakula chenyewe. Tofauti ni kwamba hapa haikuwa kengele iliyokuwa haina maana, ilikuwa ni mtu aliyekuwa na maana mbaya, na maana mbaya huchukua muda mrefu kufutika.

Kumzoesha kikapu cha mdomoni kulikwenda sambamba na hayo. Nazungumzia kile cha plastiki chenye matundu, ambacho mbwa anaweza kuhemea, kunywa maji na kupokea kipande cha chakula, si ule utepe wa kitambaa unaobana mdomo ukafungika. Mbwa aliyebanwa hivyo hawezi kuhema vizuri kwenye joto. Nilipaka siagi ya karanga ndani ya kikapu, nikakishika, nikamwacha aingize mdomo mwenyewe na kuutoa mwenyewe. (Soma kibandiko cha siagi hiyo kabla: ikiwa na sukari iitwayo xylitol ni sumu kwa mbwa.) Siku nyingi zilipita kabla ya kufunga mshipi, na mshipi ulifungwa kwa sekunde chache tu. Kikapu kikishakuwa sahani, unaweza kumpeleka kwa daktari bila dawa ya usingizi, na unaweza kumtembeza barabarani huku moyo wako ukiwa mahali pake. Sheria ya kaunti ya Nairobi ya 2015 kuhusu udhibiti na ustawi wa mbwa inamtaka mwenye mbwa amdhibiti mbwa wake hadharani. Kikapu ni sehemu ya kuutii wajibu huo, na si aibu.

Kumgusa nilimwachia aamue. Namgusa kifuani, chini, kwa pumzi mbili, naondoa mkono, nasubiri. Akisogea kuuliza mwingine, anapata. Akitazama pembeni, tumemaliza. Shingo niliifikia mwisho kabisa, baada ya miezi, na kola sikumvisha. Alitumia mkanda wa kifuani.

Masika ndiyo yaliyoturudisha nyuma. Usiku mmoja wa Aprili radi zilipiga mfululizo, umeme ukapotea, mabati ya jirani yakang'oka yakawa yanapigapiga hadi alfajiri. Asubuhi kijana wa bodaboda alileta gesi nyumba ya pili, akagonga mtungi kwenye lango la chuma. Doa alirukia waya, akakosa wa kumfikia, akageuka akanishika gambuti. Meno yalitoboa mpira, hayakufika mguuni. Daktari ana jina la hali hii, ukali uliohamishwa: mbwa aliyejaa hofu hushika kilicho karibu. Mtungi peke yake Doa alikuwa ameshauzoea. Ila kemikali za mfadhaiko haziishi mwilini siku moja na tukio. Zilirundikana usiku kucha, na mtungi ukaja juu ya rundo. Dawa ya siku kama hiyo ni kutofanya mazoezi. Tulikaa siku kadhaa bila mgeni, bila kutembea, ila kutafuna mifupa mibichi na kunusanusa majani.

Baada ya hapo daktari alipendekeza fluoxetine, dawa ile ile wanayopewa watu, kwa kipimo cha mbwa. Haimlazi mbwa, inapunguza hofu ili kujifunza kuwezekane, na huchukua wiki nne hadi sita kabla ya kufanya kazi sawasawa. Nilimwuliza kuhusu vidonge vya acepromazine ambavyo rafiki yangu humpa mbwa wake wakati wa fataki za Diwali. Jibu lake lilikuwa fupi: hivyo vinalegeza mwili, akili inabaki macho na hofu yake, isipokuwa sasa mbwa hawezi hata kukimbia. Sikuuliza tena.

Sasa nifike kwenye sehemu iliyonichosha kuliko zote, nayo haikumhusu mbwa.

Tembea mtaa wowote wa Nairobi wenye malango na utasoma "Mbwa Kali" kwa rangi nyekundu, mara nyingine kwenye nyumba ambayo haina hata paka. Hapa ukali ndio thamani ya mbwa. Kwa hiyo nilipotangaza kwamba Doa anatafuta nyumba na kueleza historia yake yote, pamoja na fundi, simu zilizokuja hazikuwa za watu waliotishika. Zilikuwa za watu waliovutiwa na pale pale nilipotaka wasite.

Mfanyabiashara mmoja alikuja na pikapu kutoka upande wa Eastern Bypass. Mtu mwungwana, amevaa vizuri, ana yadi ya mbao inayoibiwa kila mwezi. Alimtazama Doa akila kwa utulivu mbele ya mlinzi, akatikisa kichwa.

"Dada, nilitaka mbwa. Huyu umemfanya kondoo."

"Anabweka mtu akigusa lango. Hilo halijaondoka."

"Kubweka tu? Si neno. Tukimfunga mchana na kumfungulia usiku, ukali utarudi."

Alikuwa sahihi, na ndiyo sababu nilikataa. Kumfunga mchana ni njia ya uhakika ya kumfanya mbwa awe hatari, kwa sababu mbwa aliyefungwa hawezi kukimbia na hivyo anabakiwa na chaguo moja tu. Utafiti wa Denver, Marekani, uliochapishwa 1994, uliwalinganisha mbwa waliouma watu wasio wa nyumba yao na ambao hawakuuma. Waliokuwa wakifungwa mnyororo uani walikuwa na uwezekano wa kuuma wa zaidi ya mara mbili ya wasiofungwa, na madume yasiyohasiwa vilevile yaliwazidi yaliyohasiwa. Na mbwa wa namna hiyo hachagui mwizi. Humuuma anayeweza kufikiwa: mtoto aliyefuata mpira, msomaji wa mita, fundi mwenye koleo. Mwizi wa mbao yeye huja na nyama yenye sumu. Kazi ya ulinzi ambayo mbwa anaifanya vizuri ni kelele, na mbwa asiyeogopa kila kitu hupiga kelele yenye habari ndani yake, akibweka, unaamka. Yule anayebweka kutwa nzima hakuna anayemsikiliza. Nilimweleza hayo yote. Aliniaga kwa heshima, akaenda kutafuta kwingine, na sina shaka alipata.

Waliofuata walikuwa vijana wawili waliooana karibuni, wanaishi ghorofa ya nne Zimmerman, wana mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Mioyo yao ilikuwa mizuri na hilo ndilo lililofanya kuwakataa kuwe kugumu. Lakini ngazi za ploti ni nyembamba. Ukikutana na mtu kwenye kona hakuna hatua kumi, hakuna hata mbili. Na mtoto wa umri ule hutembea akiyumba, mikono juu, akipiga makelele: ukimwuliza Doa, huyo ni jembe linalotembea. Dada yule alilia kidogo. Nikamwambia kuna majike watatu wapole waliokuwa wanatafuta nyumba kwa kikundi kile kile, na mmoja wao yuko kwake leo.

Kuna walionishauri nimpeleke kwenye makao ya wanyama asubiri huko, na hayo ni mawazo ya haki. KSPCA, shirika la kuzuia ukatili kwa wanyama ambalo asili yake ni ya 1910, lina makao Lang'ata na limewapatia nyumba mbwa wengi wa jiji hili. Ila mbwa anayeogopa sauti na wageni akiwekwa katikati ya sauti na wageni, hata wenye upendo, anarudi hatua sita. Nilipendelea asubiri mahali alipopazoea.

Aliyemchukua ni mwalimu mstaafu, mjane, anayeishi upande wa Ngong kwenye nusu eka yenye ua wa michongoma. Ana jike mzee mweusi ambaye hafanyi lolote isipokuwa kulala juani. Alipopiga simu hakuuliza kama mbwa ni mkali. Aliuliza, "Anaamka saa ngapi?" Nikajua nazungumza na mtu mwenye ratiba.

Hatukumkabidhi siku moja. Mwalimu alikuja Jumamosi kadhaa, akakaa kwenye kigoda nje ya waya, akasahihisha kitu chake cha kanisa, akarusha mapafu nyuma ya mbwa jinsi alivyoelekezwa na mlinzi, ambaye kufikia hapo alikuwa mkufunzi kamili mwenye maoni yake. Mbwa wawili walikutana mahali pasipo pa yeyote, wakitembezwa sambamba kwa mbali barabarani, upande huu na upande ule, kisha karibu zaidi. Doa alikwenda Ngong na blanketi lake bila kufuliwa, na kikapu chake cha mdomoni, na karatasi ya chanjo. Tuliandikiana makubaliano: hatafungwa mnyororo, akiuma nitaarifiwa siku hiyo hiyo, ikishindikana anarudi kwangu, hapewi mtu mwingine, chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Katika makubaliano hayo yamo maneno "ameshamuuma mtu, ngazi ya tatu", na mwalimu ameweka sahihi chini yake. Anayemtoa mbwa huku akilificha hilo anamtega mpokeaji, na anamtega mbwa zaidi.

Siku za mwanzo huko alijificha nyuma ya tangi la maji, akatoka usiku kula. Yule jike mzee ndiye aliyemsaidia kuliko sote, kwa kutojali kwake. Doa alimtazama akilala mlango ukigongwa, akilala mpesa ikilia, akilala mjukuu wa jirani akiita, na taratibu akaanza kulala naye. Fluoxetine bado anatumia. Daktari atafikiria kuipunguza masika yakipita. Wanaume wawili wanaofika pale mara kwa mara, wa maziwa na wa kukata majani, wanapokelewa kwa kubwekewa mara mbili tatu kisha anarudi kivulini.

Jembe bado. Mwalimu alijaribu kulishika mbali, akaona mdomo umefungwa na mwili umekauka, akaliweka chini. Ameamua mahindi yake yapaliliwe Doa akiwa ndani ya nyumba, na mimi sioni sababu ya kumbishia.